Picha Iliyokataa Kukaa Ubaoni

Kila siku baada ya shule Dorkasi alichukua ndoo yake akamfuata Mama Hilda bombani. Nyumba zao, huko mtaa wa Area D, zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Mama Hilda ndiye aliyemsuka nywele tangu akiwa mdogo, na ndiye aliyemwombea nafasi kwenye kwaya ya kanisa ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Jumanne ile bombani palikuwa kimya. Mama Hilda aliwasalimu wanawake wenzake, nao wakamjibu Dorkasi peke yake. Mama Hilda alipotua ndoo yake kwenye foleni, mmoja aliisogeza pembeni kwa mguu, kana kwamba hakutaka kuigusa kwa mkono. Mama Hilda alikinga maji mwisho kabisa, baada ya wote kuondoka.

Dorkasi alijua sababu. Wanakwaya walikuwa wameiona kanda ya video, na habari zilikuwa zimeenea.

Mwalimu Obedi, aliyeifundisha kwaya hiyo miaka mingi, alikuwa amefariki ghafla mwezi uliopita. Mama Hilda alikuwa dada yake. Wanakwaya waliamua kutengeneza video ya wimbo wake wa mwisho ili ionyeshwe Jumapili, kwenye ibada ya arobaini. Wakamwita fundi Cornel, mwenye chumba cha video karibu na soko na kompyuta aliyoinunua Dar es Salaam. Miaka ile kompyuta za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini, na wengi waliziamini kama wanavyoamini kioo: kinachoonekana humo ndicho kilichopo.

Mpango ulikuwa hivi. Wanakwaya wangetembea kwenye miamba nje ya mji, wamebeba ubao mtupu uliopakwa rangi ya kijani. Kwenye kila pembe ya ubao Cornel alibandika alama ya solotepu nyeusi. Aliwaeleza kwamba kompyuta itazifuata alama hizo nne, picha kwa picha, kisha itaibandika sura ya marehemu juu ya ubao. Ubao ukiinama, sura nayo itainama. Mtazamaji angedhani picha ilibebwa kweli.

Upande mmoja ubao ulishikwa na mwenyekiti wa kwaya, Mzee Methusela, na upande wa pili na Mama Hilda. Wote wawili walikuwa wamebandika kifuani kipande cha kitambaa cheusi cha msiba.

Jumatatu, Cornel alipowaonyesha wanakwaya kazi hiyo, sura ya Mwalimu Obedi ilianza vizuri, imetulia ubaoni. Walipofika penye upepo, vumbi likapita. Ghafla pembe moja ya picha ikavutika. Mdomo wa marehemu ukarefuka, jicho likashuka, na uso wote ukaburutwa kuelekea kwa Mama Hilda, ukanata kifuani pake. Haukubanduka tena hadi mwisho wa wimbo.

Cornel alifuta, akaanza upya. Alidhani kamera ilitikiswa na upepo, akairekebisha. Alidhani vumbi limeificha alama. Akaiamuru kompyuta itafute alama katika eneo dogo zaidi. Akajaribu hata kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kila mara uso ulikwenda palepale.

"Mwacheni," alisema Mzee Methusela kwa sauti ya chini. "Marehemu anatuonyesha aliyemuua."

Maneno hayo yalifika mtaani kabla ya wao wenyewe kufika. Jumatano asubuhi mlango wa Mama Hilda ulikutwa umepakwa majivu. Alhamisi kuku wake wawili walilala wamekufa uani. Jioni vijana wasiojulikana walisimama ng'ambo ya barabara wakiitazama nyumba yake, wala hawakuimba wala hawakucheka. Ilisemekana kwamba wanasubiri Jumapili. Wote wakishaiona kanda, watamvamia.

Dorkasi hakuweza kula. Bibi yake, Bibi Anjelina, alimwona akiizungusha mboga ya mlenda kwa tonge la ugali lisilofika kinywani.

"Kitendawili," akasema bibi.

"Tega."

"Ukikificha kinanenepa, ukikitoa nje kinakufa."

Dorkasi alifikiri sana. "Sijui, bibi."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Bahi."

"Nimekwenda Bahi, nimekula samaki nimeshiba, nimerudi. Jibu ni: kosa." Bibi akamtazama. "Lako limenenepa mpaka linakula chakula chako. Litoe, mjukuu wangu."

Dorkasi akalia, kisha akasema. Kule kwenye miamba, wakati wa mapumziko, mpira wake wa matambara, wa kuchezea rede, ulikuwa unafumuka. Ubao uliegemezwa karibu naye. Alibandua alama moja, ile ya upande wa Mama Hilda, ili aufunge mpira. Cornel akaita watu wajipange. Dorkasi akairudisha haraka, ikiwa imeshashika vumbi. Upepo ulipovuma, yeye akitembea nyuma ya ubao, aliiona ikipeperuka. Alinyamaza. Walipomaliza aliiokota, akaufungia mpira.

Bibi hakumgombeza. Alijifunga khanga, akamshika mkono, wakaenda kwa Cornel, na njiani akamtuma mtu amwite Mzee Methusela.

Cornel alisikiliza, akajishika kichwa. "Kumbe nimehangaika siku zote hizi kutafuta alama iliyofunikwa, nayo haipo! Pembe ile ilijificha nyuma ya bega la Mama Hilda, nami sikukagua ubao baada ya mapumziko. Hilo ni kosa langu." Akamgeukia Mzee Methusela, aliyekuwa amekwisha kufika. "Kompyuta haimjui marehemu wala muuaji, mzee. Niliiambia ifuate doa jeusi. Doa lilipopotea, ikashika doa jeusi lililokuwa karibu: kitambaa cha msiba."

Mzee Methusela alitikisa kichwa. Mashine ingewezaje kukosea mara zote palepale?

Cornel hakubishana. Aliishikiza kwa mkono pembe iliyopoteza alama, kisha akaifuta alama ya upande wa pili kwenye kioo cha kompyuta, akaanzisha kazi. Mwalimu Obedi alitulia kidogo, kisha uso wake ukarefuka, ukaburutwa, ukanata kifuani pa Mzee Methusela.

"Na hapa, mzee," aliuliza bibi, "marehemu anamwonyesha nani?"

Mzee aliutazama uso ule. Aliondoka, na walipomfikia alikuwa ameinama mlangoni kwa Mama Hilda na ndoo ya maji, anasugua majivu mbele ya mtaa mzima, akimwambia kila apitaye kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea.

Cornel alichagua kichwa cha msumari kilichoonekana ukingoni mwa ubao, akaiamuru kompyuta ikifuate badala ya alama iliyopotea, na palipokuwa na vumbi akaisogeza kwa mkono. Jumapili sura ya Mwalimu Obedi ilibebwa juu ya miamba bila kuyumba.

Dorkasi alipokwenda kuomba radhi, Mama Hilda alikuwa amekaa kizingitini. Hakumkumbatia mara moja.

"Waliopaka majivu hawakujua," alisema taratibu. "Wewe ulijua. Siku zote zile tulikwenda bombani pamoja, ukaona ndoo yangu ikisogezwa kwa mguu, nawe ulikuwa na neno moja la kuniokoa. Kubandua solotepu ni utoto, mwanangu. Kunyamaza mwenzako akiangamia ndiko kosa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla kosa lako halijapata mtu wa kumla."

Dorkasi akaitikia. Mama Hilda akasogea kidogo, akamwachia nafasi pembeni yake kizingitini.