Mke wa Kabatini

Siku Gatwiri alipokutana na Njiru, soko la Gakoromone lilikuwa limejaa hadi mtu akikuna mgongo hajui kama ni wake. Gatwiri, muuzaji wa duka la dawa hapo Meru mjini, alikuwa na gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe alizokuwa akiziombea zisiguse matope. Nyuma yake spika ikanguruma:

"Dada wa manjano! Hiyo kabeji umeifinya sana, sasa inataka kujua kama utaioa!"

Soko zima likacheka. Alipogeuka akaona kijana mrefu mwenye jaketi ya jinzi, ameshika maiki, anaita watu waje kwenye banda la video.

"Na wewe ukifinywa utasema nini?"

"Nitasema asante, mrembo."

Basi mapenzi yao yakaanzia hapo, kwa kabeji.

Njiru alikuwa mtu wa Siakago, upande wa Embu, na kazi yake mjini ilikuwa kutafsiri sinema. Kutafsiri ni kusema tu. Wachina wakipigana, Wahindi wakilia, yeye anazima sauti zao, anashika maiki na kuwapa maneno yake mwenyewe, Kiswahili na Kimeru kikiwa kimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri. Lugha zao hakujua hata moja. Watazamaji hawakujali, mradi wacheke.

Sasa wazee wa kina Njiru walikuwa wanatarajiwa Jumamosi huko Kianjai, kwa kina Gatwiri, kuanza mambo ya mahari. Mbele ya watu Gatwiri alifurahi. Akibaki peke yake, alihesabu siku zilizobaki. Dada yake Karimi aliolewa Mitunguu na Gikunda, mwanamume ambaye hata pasta alikuwa anashika mbavu akisikia vichekesho vyake. Mlango ukifungwa, Gikunda alikuwa mtu mwingine. Karimi alirudi nyumbani na mtoto mgongoni na meno mawili hana. Hayo Gatwiri hakuwahi kumwambia Njiru.

Jumapili ya kabla yake, mchana, Gatwiri akiwa kati ya watazamaji, Njiru akaweka sinema ya Waitaliano bandani. Aliipata kwenye flashi moja pamoja na sinema za vita, akaona picha ya mwanamke wa gauni jekundu, akajua ni ya majambazi. Kuitazama kwanza? Hakuwa na hiyo tabia.

Haikuwa na bunduki hata moja. Ilikuwa ya bwana na bibi ndani ya nyumba kubwa. Bibi anatembea kwa korido, na korido inazidi kurefuka. Mezani wageni wamefunikwa vichwa kwa shuka, wanakula hivyo hivyo. Nje, gauni la harusi linapita bustanini, na ndani yake hakuna mtu. Bwana anatabasamu tu, anakata nyama.

"Hawa ni wakwe!" Njiru akasema kwa maiki. "Wamejifunika wasione supu ilivyo nyepesi!"

Gatwiri naye alicheka, kidogo.

Halafu bwana akamshika mkewe mkono, akamwingiza kabatini, akafunga kwa ufunguo. Maji yakaanza kuchuruzika chini ya mlango. Vidole vya yule mwanamke vikatokea kwenye ufa. Bwana akavuta kiti mbele ya kabati, akafungua gazeti.

"Leo utalala na makoti, mama! Ukisikia baridi, vaa!"

Watu wakapiga viti kwa kicheko. Gatwiri hakucheka. Sauti ya Njiru, ile inayompigia simu kila asubuhi, "amka, malaika wangu," ilikuwa inatoka kwa mdomo wa yule bwana, na ilimkaa kama shati lililoshonewa yeye. Akachukua mkoba, akatoka bila kuangalia nyuma.

Jioni alikuwa Kianjai. Simu ikalia.

"Mrembo, umepotelea wapi? Mtandao umekumeza?"

"Njiru, wazee wasije."

"Hiyo ni mchezo?"

"Mimi si mtu wa michezo. Wewe ndiye."

Akakata. Ikalia tena na tena. Akaizika chini ya mto, ikawa inatetemeka huko kama kitu kilicho hai.

Karimi, aliyekuwa anachambua maharagwe, akauliza, "Ashawahi kukukasirikia?"

"Hata siku moja."

Mikono ya Karimi ikasimama. "Gikunda pia. Hadi tunaoana, sikuwa najua hasira yake inafanana aje."

Hilo lilimwogofya Gatwiri kuliko sinema.

Katikati ya wiki Njiru alikuwa ameenda kwao Siakago kumwambia mama yake habari hizo mbaya. Akaomba waonane, na Gatwiri akakubali iwe Embu, mchana, hoteli yenye watu wengi. Karimi alikaa meza ya pili na mwavuli magotini, na jua lilikuwa linachoma.

"Huyo askari wako anaogopa mvua gani?" Njiru akaanza. Akauona uso wa Gatwiri, akaacha.

"Yule mwanamke alikuwa anazama, Njiru. Na wewe ukachekesha."

Njiru akazungusha kikombe. "Niliogopa, mdomo ukakimbia. Nyumbani baba akianza kumpiga mama, mimi nilikuwa natolea wadogo wangu hadithi kwa sauti kubwa, ndio wasisikie. Wakicheka, najua nimeweza. Hii kazi sikujifunzia Meru."

Gatwiri naye akamwambia ya Karimi, polepole. Njiru akatupa jicho meza ya pili, akaliinamisha.

Lakini hofu haikuondoka. Mtoto wa nyumba kama hiyo anaweza kutoka na mikono ya baba yake.

"Unanikasirikia?"

"Wewe? Malaika, nitakukasirikia na moyo wa nani..."

"Usinichekeshe. Unanikasirikia?"

Mshipa ukamsimama shingoni. Karimi akaushika mwavuli vizuri.

"Ndio," Njiru akasema. "Nina hasira. Uliniacha kama mbwa. Mama ashaambia kanisa nzima kwamba naoa, sasa anajificha. Na hukuniambia kitu!"

Sauti ilikwaruza, haikuwa tamu hata kidogo. Gatwiri alikuwa anatazama mikono. Alingoja kikombe kiruke, kiti kianguke. Mikono ikabaki mezani, imefunguka.

"Imeisha?"

"Bado."

"Basi kaa nayo. Sitoki."

Wakakaa. Mwishowe Gatwiri akatoa simu.

"Mama? Wazee wa Siakago watakuja. Si Jumamosi hii, lakini watakuja." Akamgeukia Njiru. "Bado naogopa."

"Hata mimi," akasema Njiru, bila utani.

Kutoka meza ya pili Karimi akainua mkono, akamwita mhudumu.

"Lete wali na mbuzi, sahani tatu. Na shemeji yangu umwekee nyama nyingi, hasira zimemtia njaa."