Amri ya Kumwaga Maji

Kila asubuhi Sajini mstaafu alipuliza filimbi mlangoni pa chumba cha binti yake. Aliipuliza kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta.

"Sajini! Vita vilishakwisha!" jirani alipiga kelele.

Jirani huyo aliitwa Bandeji. Zamani alikuwa tabibu wa jeshi, tena katika kikosi kile kile cha Sajini. Sasa wote wawili walikuwa wazee wa mvi, wametenganishwa na ukuta mmoja, wanagombana.

Sajini hakumjali. Binti yake alikuwa na miaka ishirini, na alitaka kuingia jeshini. Tena hakutaka kikosi chochote tu. Alitaka kikosi cha makomando, kile cha baba yake. Usaili ulikuwa umebaki wiki tatu.

Siku hiyo walichelewa kutoka. Ilipofika saa nne jua lilikuwa kali. Sajini alimvisha binti koti lake zito la jeshi. Akambebesha mfuko wa mchanga mgongoni. Mama mtu, fundi cherehani, aliinuka kwenye mashine yake akiwa na chupa ya maji.

"Shika, mwanangu."

"Rudisha," Sajini alisema. "Komando hanywi maji njiani."

"Wewe bwana, unamfundisha mtoto au unamkomoa?"

"Hujui kitu, mke wangu. Sisi tuligeuzwa makomando hivi hivi."

Hadithi yenyewe nyumba nzima iliijua kwa moyo. Zamani kikosi chao kilikuwa cha askari wa miguu wa kawaida. Walilinda madaraja na maghala. Walitembea sana, mpaka raia wakawaita Soli, kama soli za viatu. Halafu amri ikatoka juu: kikosi kigeuzwe kuwa cha makomando, kwa wiki sita tu. Wiki sita! Watu mia sita wakabebeshwa mchanga, wakakimbizwa juani. Siku ya mwisho mkufunzi aliwapanga mstari. "Mwageni maji!" aliamuru. Wakamwaga.

Waliovaa kofia ya ukomando walikuwa mia moja na arobaini. Wengine walitawanywa kulinda mageti ya vikosi vingine. Na mmoja alikufa. Huyo alikuwa Kinanda, rafiki wa damu wa Sajini. Walimwita Kinanda kwa sababu hakuacha kuimba.

"Moyo wake ulikuwa mbovu," Sajini alisema kila mara. Kisha alibadilisha mazungumzo.

Basi binti akakimbia, na Sajini akamfuata kwa baiskeli. Walizunguka uwanja mara tano, kando ya vijana wengine wa mtaa waliofundishwa na wastaafu. Njiani kurudi nyumbani, binti alianza kuyumba.

"Baba," alisema, "mwambie mama anipe sare yangu ya shule. Nimechelewa."

Shule alimaliza miaka mitatu iliyopita.

"Acha mzaha! Kimbia!"

Binti alipiga hatua chache, akaanguka mbele ya mlango wa Bandeji.

"Simama!" Sajini alimwamuru. "Simama, mwanangu!"

Bandeji alitoka na fulana yake, akamgusa binti shingoni. Ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria iliyo jikoni.

"Mbebe kivulini! Mtue mchanga, mvue koti na viatu. Wewe mama, leta maji, ndoo zote ulizo nazo!"

Mama mtu alikuja mbio na ndoo na kikombe cha bati. "Fungua mdomo, mwanangu, unywe!"

"Usimnyweshe!" Bandeji alisema. "Hajitambui. Maji yatampalia. Mmwagie mwilini. Lowesha vitambaa, weka shingoni na kwapani. Sajini, mpepee! Umesimama unaangalia nini?"

Mwenye pikapu wa mtaani aliwapeleka hospitali. Njia nzima waliendelea kummwagia maji na kumpepea.

"Mmefanya vizuri kuanza kumpoza pale pale," daktari aliwaambia baadaye. "Mngemleta hivi hivi na koti lake, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama mtu alibaki wodini. Wazee wawili walikaa kwenye benchi nje. Suruali zao zilikuwa zimelowa.

"Joto la mwili linaua, Sajini," Bandeji alisema. "Mtu akikimbia, mwili unachemka. Jasho ndilo linaloupoza. Sasa umemnyima maji, jasho litatoka wapi? Halafu umemfunika koti."

"Nitajuaje kwamba limemzidi?"

"Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Hapo simamisha mazoezi. Mweke kivulini, anywe kidogo kidogo. Akianza kuyumba na kuongea hovyo, hiyo ni hatari kubwa. Wengine jasho hukatika, wengine bado linatoka. Usidanganywe na jasho. Mpoze mara moja, mpeleke hospitali."

Sajini aligeuka kumtazama.

"Kinanda naye aliongea hovyo. Alimwita mama yake. Sisi tukacheka."

"Najua. Nilikuwa nyuma na machela."

"Lakini wewe ndiye uliyeandika kwamba kilichomuua ni moyo!"

"Niliandika joto," Bandeji alisema polepole. "Ofisa akaichana karatasi. Akasema kikosi kipya hakiwezi kuanza na aibu. Nikaandika moyo. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo."

Sajini aliona uchungu, na aibu ilimshika mpaka masikio.

"Kinanda alificha chupa yake ndani ya koti," alisema mwishowe. "Mkufunzi hakuiona. Niliyeiona ni mimi. Nilitaka kuonekana hodari. Nikamnyang'anya, nikaimwaga."

Binti alitoka hospitali baada ya siku nne. Daktari alimkataza kukimbia kwa muda, na usaili wa mwaka ule ukampita. Alilia siku nzima.

Ndipo Sajini alipopiga moyo konde, akaenda kwa mjane wa Kinanda. Mama huyo alikuwa akipiga pasi nguo za watu. Sajini alimweleza yote akiwa amesimama. Mjane hakuacha kupiga pasi mpaka shati likaisha.

"Alionja hata tone, shemeji?"

"Hapana."

"Uliyamwaga chini?"

"Chini."

Mjane aliweka pasi pembeni.

"Miaka ishirini na mmoja nimemkataza mwanangu mpira. Usiku nilikuwa naweka sikio kifuani mwake, nasikiliza moyo wa baba yake. Kumbe moyo ulikuwa mzima!"

"Shemeji..."

"Usiniombe msamaha. Sina. Wale vijana wanaokimbia uwanjani, nani anawafundisha?"

"Sisi wastaafu."

"Mnawapa maji?"

Sajini aliinamisha kichwa.

"Basi kawaambie. Waambie na jinsi alivyokufa."

Sasa mazoezi uwanjani huanza alfajiri na kuisha kabla jua halijawa kali. Hakuna koti zito. Kuna pipa la maji safi na vikombe. Vijana husimama mara kwa mara kunywa na kupumzika kivulini, na kila mmoja humwangalia mwenzake. Bandeji huwafundisha dalili. Tangu hapo hakuna aliyebebwa kwa machela. Binti naye amepona, anajiandaa kwa usaili wa mwaka ujao, na chupa yake iko kiunoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi hayo, Sajini alisimama kando ya pipa.

"Kinanda hakuwa na moyo mbovu," aliwaambia. "Alikuwa na kiu. Maji yake niliyamwaga mimi."

Nyuma ya vijana alisimama mjane, na pembeni yake mwanawe, mtu mzima, akiwa na viatu vipya vya kuchezea mpira.

"Rudia," mjane alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Sajini akarudia.