Jicho Juu ya Kiti cha Mfalme

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha nyuma. Ya pili ilipita katikati ya vichwa viwili na kutoboa redio ya gari.

"Lala chini," Sindano alisema.

"Nimeshalala," mfamasia, mama aliyekuwa akilindwa, alijibu kutoka nyuma, amelikumbatia boksi la mchezo wake. "Wewe endesha."

Sindano aliendesha. Prado ilikata kona, ikaingia uchochoro wa maghala na kutokea barabara kuu. Pikipiki iliyokuwa ikiwafukuza haikutokea. Ilikuwa imejikunja kwenye nguzo ya taa, na dereva wake kalala pembeni anaugulia maumivu. Hakuna aliyemwonea huruma.

Siri ya nyumba ya pili ya maficho ilikuwa imevuja, kama ya ile ya kwanza.

Simu ikaita. Mjomba, mkuu wa idara, hakuwa mtu wa salamu.

"Yuko hai?"

"Yuko hai na ana hasira."

"Saa tisa awe kizimbani kutoa ushahidi. Asipofika, wale wasafirishaji wa dawa bandia wanatoka leo hii. Mpeleke nyumba ya tatu. Walinzi wake wameshatangulia."

"Mmoja wa hao walinzi anatuuza."

"Basi umjue ni nani kabla hamjatoka."

Akakata.

Nyumba ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Sebule ilikuwa na meza ya plastiki, viti vitano na pazia lisilofika chini. Walinzi watatu walikuwa ndani na wote walimtazama Sindano kama mtu aliyekuja kuwafukuza kazi. Kaka Mkubwa ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Kipara alikuwa na mdomo mrefu. Profesa, mwenye miwani, alizoea kusahihisha watu hata wanapopiga chafya.

"Sisi tulikuwa tunamlinda vizuri tu kabla yako," Kaka Mkubwa alisema.

"Nimeona. Kioo cha gari langu kimeona pia."

Alimwingiza mfamasia chumbani, akafunga mlango na kutoa kifaa cha kunasa mawimbi. Alikipitisha kitandani, kwenye soketi, kwenye mkoba. Kimya. Alipokifikisha kwenye boksi la mchezo, taa nyekundu iliwaka.

Sindano aliweka kidole mdomoni, akamvuta mfamasia bafuni na kufungulia bomba mpaka mwisho.

"Boksi lako lina kinasa sauti. Nani huligusa?"

"Wote watatu. Tunacheza kila siku, kila mtu na shujaa wake wa kuigiza, dadu ndiyo inaamua. Bila mchezo huo ningeshapasuka kichwa." Alipiga sinki kofi. "Mwenzangu wa zamu alikufa kwa dawa zile, dada. Niliziweka mimi mwenyewe rafuni, sikujua. Halafu mtu anakaa mezani kwangu, anacheka na mimi, huku ananiuza?"

"Msaliti anakisikiliza kwenye simu, au sikioni. Nikiwapekua, mwenye hatia atatangulia kufyatua, na wenzake hawatajua wampige nani. Niambie kitu. Kwenye huo mchezo, mtu akichunguzwa kwa uchawi anajuaje?"

Mfamasia alimkazia macho, lakini alijibu.

"Adui anatuma jicho lisiloonekana. Linaelea tu, linatazama. Mhusika mwenye akili kali anaweza kulihisi, ila lazima dadu imkubalie. Ikimkatalia, hajui kitu."

"Na kama mchezaji mwenyewe amejua kwa njia nyingine?"

"Anajifanya hajui. Akikitumia hicho anachokijua, huo ni wizi. Tunamtoa mezani."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Sindano alitabasamu.

Walirudi chumbani. Mfamasia akakaa karibu na boksi, akaongea taratibu na wazi.

"Nikuibie siri ya leo. Jicho la adui liko juu ya kiti cha mfalme. Atakayetoa kipande chake cha pete mbele yake anakuwa majivu. Hakuna dawa, hakuna kurudi."

Sebuleni, Kaka Mkubwa alikataa katakata.

"Tunawindwa, nyinyi mnataka mchezo?"

"Kuna muda wa kungoja," Sindano alisema. "Mkikaa mnatazamana hivi mtauana. Kaeni."

Walikaa, wamenuna. Mfamasia alisimama mbele yao kama msimamizi wa mchezo. Aliwaingiza kwenye ukumbi wa mfalme uliokuwa na vioo, sanamu, madirisha ya rangi na kiti cha dhahabu. Kila mhusika alikuwa na kipande cha pete, na pete ilitakiwa kuunganishwa humo humo.

"Rusheni dadu. Tuone kama kuna mnachokihisi."

Dadu ya pande ishirini ilimpa Kipara nne, Kaka Mkubwa mbili, Profesa tatu, zote ndogo mno.

"Hamhisi chochote. Ukumbi ni mtulivu."

"Shujaa wangu anatoa kipande," Kipara alisema.

"Na wangu," Kaka Mkubwa alisema. "Tumalize."

Profesa alikuwa ameshika kisanamu cha plastiki cha mchawi wake. Alikuwa naye miezi mitatu. Alimpaka rangi mwenyewe, joho lake mkunjo kwa mkunjo, kwa brashi ya nywele chache.

"Ngojeni," alisema. "Kabla hajatoa, mchawi wangu anavua joho. Analitupa juu ya kiti cha mfalme, anakifunika kabisa."

Kipara akacheka. "Unafunika kiti kwa nini? Kinasikia baridi?"

Profesa alirekebisha miwani yake.

"Dadu ilikupa tatu," mfamasia alisema. "Nani kakwambia kuhusu kiti?"

Mkono wa Profesa ulishuka chini ya meza.

Sindano aliisukuma meza kwa mguu. Ilimgonga Profesa kifuani, akaanguka na kiti chake, na bastola yake ya Glock ikamtoka mkononi. Kabla hajainuka, kisigino cha Sindano kilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake.

"Muache," Kaka Mkubwa alifoka. Bastola yake ilikuwa inamtazama Sindano usoni.

"Mama, nenda kagonge boksi lako," Sindano alisema bila kugeuka.

Akauchomoa kwenye simu waya mwembamba wa sikioni uliofichwa chini ya kola ya Profesa, na mfamasia akaenda chumbani. Ko. Ko. Ko.

Ko, ko, ko, ikajibu simu mfukoni mwa Profesa.

Kaka Mkubwa alishusha bastola. Alionekana amezeeka ghafla.

Sindano aliitoa simu, akaifungua kwa kidole cha Profesa mwenyewe. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Tupe njia watakayopita." Akajibu: "Prado. Barabara ya kiwanda cha saruji." Kisha akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Mjomba. Kiwanda cha saruji. Wageni wako njiani."

"Watawakuta wenyeji."

Walingoja. Profesa, amefungwa pingu, alitazama sakafu. Redio ikakoroma.

"Tumewachukua wote, na bosi wao alikuwa garini. Mlete shahidi."

Mlangoni mfamasia alisimama. Akarudi, akainama, akamwokota mchawi aliyeangukia karibu na mguu wa Profesa, akamgeuza mkononi.

"Mimi nina watoto," alisema. "Ulijua majina yao. Ukanipeleka nikauawe mara mbili, hukutikisika. Huyu wa plastiki ndiye uliyemwonea huruma."

Akamsimamisha sakafuni, mbele ya macho yake, akatoka.

Saa tisa alikuwa kizimbani, mkono juu, akila kiapo. Sindano alisikiliza sentensi ya kwanza tu. Kisha akavaa miwani yake ya jua na kwenda kutafuta fundi wa vioo.