Ubao wa Mitupo Ishirini

Kila jioni mazoezi ya timu yetu ya mpira wa kikapu hapo chuoni yalikwisha kwa namna ileile. Miguu ikiwa haitaki tena kutumwa, kocha alipuliza filimbi na kusema, "Wawili wawili, mstarini!" Hapo kila mchezaji alitupa mipira ishirini kutoka kwenye mstari wa mtupo huru, ule ambao mtu anatupa peke yake bila kuzuiwa na yeyote. Mtupaji hakuruhusiwa kuhesabu. Mwenzake ndiye aliyehesabu, kisha akaenda kwenye ubao uliotundikwa kando ya mlango wa stoo ya mipira na kuandika kwa chaki idadi iliyoingia.

"Anayejihesabia ataogopa au atajivuna," kocha alituambia. "Wewe tupa tu. Macho ya mwenzako ndiyo daftari lako."

Mimi wananiita Ngazi, kwa sababu ya urefu. Mwenzangu alikuwa Sukari, msichana niliyeishi naye chumba kimoja bwenini. Jina hilo alilipata kwa maneno yake matamu. Ukivaa gauni lililokukaa kama gunia, Sukari atakwambia rangi yake imekupendeza.

Siku yangu ya kwanza mstarini niliingiza mipira tisa. Nilirudi chumbani nikalia mpaka mto ukalowa. Lakini baada ya hapo nikaanza kupanda: kumi na tatu, kumi na tano, kumi na sita. Kufikia muhula wa pili jina langu lilikuwa juu kabisa ya ubao, na mbele yake kumi na nane. Kapteni wetu, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho, alikuwa na kumi na tano, na alinipongeza bila kinyongo. Kichwa kikanivimba. Wenzangu walipobaki uwanjani kuongeza mazoezi, mimi nilikuwa nimeshatangulia bafuni. Mwenye kumi na nane ahangaike ya nini?

Basi ikaja nusu fainali ya mashindano ya vyuo. Zilibaki sekunde nane, tukiwa sare, mpira ukiwa mikononi mwa wapinzani. Kocha wao akamtolea mwamuzi maneno machafu. Mwamuzi akatoa adhabu: sisi tupewe mtupo mmoja, atupe yeyote tunayemtaka, kisha wao waendelee na mpira wao. Kapteni alikuwa ameshapiga hatua kwenda mstarini.

"Ngazi," kocha akaita. "Ubao unasema Ngazi."

Kapteni aligeuka, akaniwekea mpira mkononi. "Nenda, mdogo wangu. Tumalizie."

Nilitupa. Mpira uligonga ukingo wa mbele wa chuma, ukarudi ulikotoka. Wapinzani wakarudishiwa mpira wao, wakakimbia nao, wakafunga, kengele ikalia. Kapteni aliketi sakafuni akafungua kamba za viatu polepole. Fainali aliyoisubiri miaka mitatu ilikuwa imekwenda. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwisho wa juma nilikwenda nyumbani. Mama yangu ni fundi cherehani. Aliponiona nimenuna tangu asubuhi, alinifuata kwenye uwanja wa kikapu wa shule iliyo nyuma ya nyumba yetu, akiwa na mkebe wake wa vifungo.

"Tupa, nikuhesabie," alisema. "Ukiingia natoa kifungo cheupe, ukikosa natoa cheusi."

Nilitupa ishirini. Mama akavipanga vifungo kwenye kanga aliyoitandaza mapajani. Vyeupe vilikuwa kumi na viwili.

"Umekosea, mama."

"Nimekosea? Mwanangu, mimi nakula kwa kupima. Haya, rudia."

Nilirudia. Vikawa kumi na kimoja. Nikarudia tena mpaka jasho likaingia machoni, vikabaki kumi na viwili. Ndipo nikaelewa. Aliyekuwa akishika chaki miezi yote ile ni Sukari. Rafiki yangu, niliyemwachia mgongo wangu na siri zangu, alikuwa akinidanganya kila jioni huku akinichekea. Nilihisi nimesalitiwa, na nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, akirudisha vifungo mkebeni kimoja kimoja.

"Nilipoanza kazi, mteja mmoja aliniomba nimwandikie kiuno pungufu," alisema. "Namba ya kweli ilikuwa inamuudhi. Nikamwonea haya, nikamkatia gauni la namba aliyoipenda. Likampasukia kwenye harusi ya dada yake, mbele za watu. Unadhani alimlaumu nani?"

"Wewe."

"Mimi. Na nusu ya lawama ilikuwa yangu kweli. Lakini nusu nyingine ilikuwa yake. Kiuno chake alikuwa anakijua."

Nusu ile ya kwanza niliipenda sana. Ya pili sikutaka hata kuisikia.

Niliporudi chuoni nilimkuta Sukari amekaa kitandani akikunja nguo. Sikumsalimu. "Ulikuwa unaniongezea ngapi?"

Nguo ikamwanguka. "Siku ile ulipoingiza tisa ulilia sana, Ngazi," akasema. " Kesho yake nikaongeza nne. Ukafurahi mpaka ukaimba. Nikashindwa kurudi nyuma, nikawa naongeza tu."

"Umenisaliti! Umenivua nguo uwanja mzima ukiona! Heri ungenitukana, ningejua nina adui."

"Nimekosa. Sina la kujitetea." Alifuta machozi kwa kiganja. "Lakini nikuulize kitu. Mipira ile ikigonga chuma na kurukia pembeni, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa huoni?"

Nilikuwa naona. Kila jioni nilikuwa naona, na kila jioni niliusoma ubao nikaamini chaki badala ya macho yangu. Kumi na nane ilikuwa tamu mno kuiuliza maswali.

Kesho yake tulisimama wawili mbele ya timu, tukasema yote. Kapteni alinigeukia.

"Ningetupa mimi," alisema. Kisha akaenda zake kuchukua mpira. Angenizaba kofi ingeniuma kidogo kuliko hilo. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyesalitiwa, kumbe kuna mwenzangu niliyemsaliti pia.

Kocha alifuta namba yangu ubaoni. Nikaomba nipewe mtu mwingine wa kunihesabia.

"Hapana," alisema. "Utabaki na Sukari, na Sukari atabaki na wewe. Kidonda hakiponi kwa kuhamia mguu mwingine."

Jioni ile Sukari alihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Kisha aliandika chini kabisa ya ubao: kumi na moja. Siku hiyo sikukimbilia bafuni. Nilibaki, yeye akiniokotea mipira, mpaka kocha akatufukuza.

Wiki mbili baadaye tulicheza kuwania nafasi ya tatu. Tulipokuwa nyuma kwa pointi moja na sekunde zinaisha, mpira uliniangukia mimi. Zamani ningeng'ang'ana nao, mwenye kumi na nane bwana! Safari hii nilimtafuta Kapteni. Alichezewa rafu, akapewa mitupo miwili, akaingiza yote. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuja kunipiga begani, akasema kichwani hafiki.

Tulipokuwa tunarudisha mipira stoo, kocha alisimama kando ya ubao.

"Mpira ukiingia, hata adui atakuhesabia," alisema. "Rafiki ni yule anayekuhesabia ukitoka. Na wewe mwenyewe, ukiona mpira umetoka, usingoje mtu akwambie. Huwezi kurekebisha kosa lililofichwa, na timu haiwezi kusimama juu ya namba ya uongo."

Sasa nina miezi mingi mstarini, na ubao unapanda kwa mwendo wa konokono. Jana Sukari aliandika kumi na tano. Nilimuuliza kama ule wa mwisho, uliozunguka zunguka juu ya chuma, kweli haukuingia.

"Haukuingia, ndugu yangu," alisema, na hakuyakwepa macho yangu.

Nikachukua mpira, nikarudi mstarini.