Kadi ya Mjomba Fermin

Kila Jumamosi ya Septemba, Delfina na watu wake walifika kando ya barabara ya mji wa Española kabla mimi sijamaliza kupanga tufaha zangu mezani. Baba yake, Mzee Kasimiro, alishusha magunia ya pilipili mbichi kutoka kwenye pikapu. Delfina aliwasha moto wa gesi chini ya pipa la waya, na binti yake Orlinda, mwenye miaka kumi na miwili, akalizungusha pipa hadi pilipili zikababuka maganda. Harufu hiyo ndiyo iliyosimamisha magari. Mimi niliambulia wateja wao wakishamaliza kununua.

Orlinda alikuwa mtoto wa maswali. Ukimjibu moja, umejitakia mengine.

Jumamosi moja alikuja Bi. Lusero, wakala wa bima wa mjini, kununua gunia lake. Akamkumbusha Delfina kwamba bima ya pikapu ilikuwa inakaribia kwisha.

"Nitakuja Jumatatu," Delfina alisema. "Lakini ile ya kujikinga na madereva wasio na bima, niondolee. Mimi nalipa yangu. Asiyelipa, shauri yake."

"Akikugonga, itakuwa shauri yako," Bi. Lusero alijibu. "Hebu fikiria kwanza."

Orlinda akasimamisha pipa. "Kwani kuna watu wanaendesha bila bima? Si sheria inakataza?"

"Zungusha pipa, mwanangu, zitaungua."

Basi akaamua kujua mwenyewe. Kila aliyesimama kununua aliulizwa, "Samahani, gari lako lina bima?" Wengine walicheka, wengine walikunja uso, lakini karibu wote walimwonyesha kadi ya bima. Hata mimi nilitoa yangu. Kufika mchana akamwambia mama yake, "Kila mtu anayo. Labda kweli hatuihitaji hiyo nyingine."

Aliyevuruga utafiti wake ni mjomba wake Fermin, mdogo wake Delfina, mtu wa mizaha asiyekosa wakati wa chakula. Orlinda akamwuliza kama alivyowauliza wengine. Fermin akachomoa kadi na kuipeperusha.

"Hii hapa, bosi. Unataka na namba ya viatu?"

"Bado inafanya kazi?"

"Kadi inafanya kazi vizuri sana. Bima ndiyo iliyokufa Mei." Fermin alicheka. "Unalipa mwezi wa kwanza, wanakupa kadi, halafu unapumzika. Unadhani niko peke yangu? Wengi waliokuonyesha kadi leo wanapumzika kama mimi."

Nilicheka pia. Delfina hakucheka.

"Fermin, huna haya."

"Dada, mimi dereva mzuri. Sijawahi kugonga hata kuku."

Orlinda aliyatazama magari yakipita. "Kwa hiyo ukimwangalia mtu huwezi kujua kama anayo," alisema polepole. "Sasa, mama, kama hatuwezi kujua, tunafanyaje?"

Jumatatu Delfina alikwenda kwa Bi. Lusero akailipia ile ile aliyotaka iondolewe, na Jumamosi iliyofuata akanung'unika kutwa nzima kwamba ametupa pesa.

Mwanzoni mwa Oktoba, Mzee Kasimiro alikuwa anavuka barabara kumpelekea mteja mfuko wake. Gari dogo jeupe likaja, dereva ameinamia simu, likampiga mzee akaanguka. Mguu ulivunjika. Nililia pale pale, wala sioni haya kusema. Mzee yule ndiye aliyepanda, aliyepalilia na kuvuna shamba lile. Bila mguu wake, pilipili zilizobaki zingeozea shambani.

Dereva, kijana mdogo, alishuka na kutoa kadi yake. Wakati tukisubiri gari la wagonjwa, Orlinda alimsomea Bi. Lusero namba za kadi ile kwa simu. Baada ya kitambo Bi. Lusero akapiga: bima hiyo ilikwisha tangu kiangazi.

Fermin, aliyekuwa amekuja kula kama kawaida yake, akamkamata kijana shati. "Mwizi wewe! Unatembea na kadi ya uongo, unavunja wazee miguu!"

"Mjomba," Orlinda alisema. Hakuwa anamsuta, alitaka kujua kweli. "Kadi yake ina tofauti gani na yako?"

Fermin akaliachia shati. Siku hiyo hakutania tena.

Jioni, Delfina aliporudi kutoka hospitali kufungasha vitu, Bi. Lusero alikuja na habari: ile bima ya kujikinga na wasiolipa ingelipia matibabu, na hata siku za kazi ambazo mzee angezikosa.

"Lakini baba hakuwa kwenye pikapu," Delfina alishangaa. "Alikuwa anatembea kwa miguu."

"Anaishi nyumbani kwako. Hii inawafuata watu wa nyumba yako, hata wakitembea."

Delfina alikaa juu ya gunia akafunika uso. Kwa pesa hiyo alipata vibarua wa kumalizia mavuno.

Septemba iliyofuata, Mzee Kasimiro alirudi na fimbo yake, akawekewa kiti karibu na pipa. Fermin alipofika, alimpa Orlinda kadi kabla hajaulizwa.

"Iko hai?"

"Piga simu ukaulize."

Orlinda akapiga kweli. Sote tukangoja, na Fermin akajikuna shingo kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Iko hai," Orlinda alisema.

Delfina akamtazama binti yake. "Mwaka jana nilisema asiyelipa, shauri yake. Nilikosea, mwanangu. Mzigo unamwangukia anayegongwa. Kwa hiyo lipa yako kwa ajili ya wenzako, na ujikinge na wale wasiolipa, kwa sababu kadi peke yake haitibu mguu."

Fermin alikuwa amesimama anasikiliza, mkono juu ya mpini wa pipa.

"Zungusha, Fermin," Mzee Kasimiro alisema kutoka kitini. "Zitaungua."