Bartenda kutoka Nanyala

Imelda aliokota pakiti ya kahawa kwenye meza ya watu, akaifungua na kuinusa bila kuomba ruhusa. Soko la Tunduma lilikuwa limefurika asubuhi ile. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na wanunuzi kutoka Zambia walisalimiana kwa Kibemba, "Mulishani!", juu ya matenga ya nyanya.

"Dada, unanunua au umekuja kuvuta hewa?" aliuliza kijana mwenye sweta la kijivu.

"Nikinunua utajua. Umeikaanga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ya shambani kwetu, Mbozi. Naitwa Eliakim."

"Umeiunguza kidogo, Eliakim. Lakini itanifaa. Naenda kuichanganya na pesheni."

"Kahawa na pesheni?" Eliakim alishika kichwa. "Dada, kahawa yangu imekukosea nini?"

Imelda alicheka, akarekebisha kilemba chake cha kitenge cha njano, akalipia pakiti na kumwachia namba ya simu.

Alikuwa bartenda wa kukodi. Ukiwa na harusi au uzinduzi wa duka, kuanzia Tunduma hadi Vwawa, ulimpigia, naye akaja na meza yake ya kukunja, barafu, na kokteli alizozibuni mwenyewe, za pombe na zisizo na pombe. Kazi hiyo alijifunza hotelini Mbeya, akaondoka pale aliposhindwa kuvumilia kuchanganya vinywaji vya watu wengine kila siku.

Siku ya tatu alipokea simu. "Ile kahawa yangu bado iko hai?"

"Njoo uone mwenyewe."

Eliakim alikuja nyumbani kwake Tunduma. Imelda alitikisa kahawa baridi, pesheni, asali na tangawizi, akammiminia juu ya barafu. Eliakim akanywa, akanywa tena.

"Unaionaje?"

"Nimekua na kahawa hii tangu utotoni, sikujua ina tabia hizi."

"Na aliyeitengeneza?"

"Huyo ndiye amenimaliza kabisa."

Ikawa simu asubuhi, simu mchana. "Asali wangu, umekula?" "Nimekula, mkaanga kahawa. Leo hujaunguza?" Miezi minne ikapita hivyo, wakicheka.

Kisha Eliakim akamkodi kwenye sendofu ya kumuaga dada yake, Ruti, aliyekuwa anaolewa, pale Vwawa. Familia yao ilikuwa ya kanisa, haikugusa pombe. Imelda hakuona shida. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa na aproni nyeusi, akabuni vinywaji vitatu visivyo na pombe kwa ajili ya siku hiyo tu. Saa tisa alasiri, akiwa nyuma ya pazia la ukumbi anapasua barafu, alimsikia shangazi mtu akiuliza, "Eliakim, yule binti ni nani? Naona macho yako hayamtoki."

"Aa, ni dada wa juisi tu, shangazi. Nimemkodi."

Mkono wa Imelda ulisimama. Halafu ukaendelea. Alihudumia wageni mia mbili akitabasamu, hakumwaga tone, na mama yake Eliakim alirudi mezani mara tatu kuomba ile ya kahawa. Kazi ilipoisha alifungasha vitu vyake, akaondoka.

Simu iliita akiwa njiani. "Mpenzi, umeondoka bila kuaga?"

"Dada wa juisi amemaliza kazi yake."

Akakata. Kwa wiki mbili hakupokea simu wala kujibu ujumbe. Alilia siku moja, siku ya pili akabuni kokteli mpya ya ndimu na karafuu, ikampatia kazi mbili.

Jumapili moja mchana alipokea, ili amwambie aache kumsumbua.

"Usikate," Eliakim alisema haraka. "Niko sebuleni kwetu. Mama yupo mbele yangu, na spika iko wazi. Mama, huyu ni Imelda. Ni bartenda. Anatengeneza vya pombe na visivyo na pombe, na hakuna anayemfikia mkoa huu. Nampenda. Siku ya Ruti niliogopa mtasema nini, nikamkana. Nimekosea."

Sauti nzito ya mwanamke ikasikika: "Nipe hiyo simu."

"Shikamoo, mama," alisema Imelda.

"Marahaba, mwanangu. Ile ya kahawa niliyokunywa glasi tatu, ilikuwa na pombe?"

"Hapana, mama. Kwenye kazi yangu sidanganyi mtu."

"Nimekusikia. Pombe siipendi na sitaipenda. Lakini huyu mwanangu kukuficha kama kitu cha wizi, hilo limeniudhi zaidi. Mwadhibu kwanza, halafu msamehe."

Jumanne Eliakim alifika Tunduma kwa suti ya bluu iliyombana mabegani. Imelda alimwacha asimame mlangoni.

"Umeniumiza, Eliakim."

"Najua. Niruhusu nilete barua ya posa kwenu."

"Ilete. Lakini kazi yangu iandikwe humo, na isomwe kwa sauti."

Barua ilipelekwa Nanyala, kwao Imelda, na mjomba wake Eliakim, Mzee Damiano. Baba yake Imelda alivaa miwani, akaisoma mbele ya ndugu wote: "Tunaomba mkono wa binti yenu Imelda, bartenda, ambaye kijana wetu anamjivunia yeye na kazi yake." Kisha akaikunja.

"Imelda, wageni hawa unawafahamu?"

Imelda alimtazama Eliakim, aliyekaa kando ya mjomba wake.

"Nawafahamu, baba," alijibu. "Wapokee."