Nondo wa Shimo la Sekenke

Rafiki yangu Jenipher, mtafiti wa wadudu, wiki tatu nzima alihangaika kumtambua nondo mmoja wa kijivu aliyemkamata kwenye shimo la zamani la dhahabu, Sekenke. Hakuna kitabu kilichomtaja! Kwa hasira alimchoma pini, akamwekea kikaratasi cha namba kumi na nne, akamfungia kabatini nyumbani kwake Mandewa, mbali na shimo. Kisha akarudi shimoni kutafuta mwingine.

“Dada, zima tochi,” alisema Edward, mchimbaji aliyemwongoza. “Sisi hao huwa tunawasikia tu.”

“Nitamtambua kwa masikio?” Jenipher alifoka, lakini akazima.

Gizani, karatasi ilikwaruza mwamba. Akawasha. Nondo alitambaa ukutani, pini kifuani, akiburuta kikaratasi chenye mwandiko wa Jenipher: namba kumi na tano, ambayo alikuwa bado hajaiandika.